Sura ya Sita: Mbaruti Hautaki Kubembelezwa

Pita Carama mwezi wa Julai utazame maua ya uani. Waridi limesimama kwa hisani ya ndoo, ukoka umegeuka rangi ya mchanga, na mama mwenye nyumba anagawa madumu: haya ya kupikia, haya ya kuoga, hili moja la maua kama litabaki. Mtaa wetu uko kwenye tambarare ya Imbo, kaskazini mwa Bujumbura, ukipakana na Kinama, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Mvua huanza kati ya Septemba na Oktoba, hupumua kidogo mwanzoni mwa mwaka, halafu hurudi kwa nguvu hadi Mei. Baada ya hapo ni vumbi mpaka Septemba. Mtu anayetaka bustani ya mapambo hapa ana swali moja la kujibu kabla hajashika jembe: mmea huu utaishije Julai, bomba likikauka?

Mbaruti wa kudumu unalimudu swali hilo bila msaada wa mtu. Najua wengi wakisikia mbaruti hufikiria kung'oa, hawafikirii kupanda. Miaka yote tumeufyeka shambani pamoja na magugu mengine, na mtoto aliyewahi kuukanyaga peku hausahau. Lakini mimi nausifu bila kusita. Katika parseli ndogo ya mjini, yenye udongo mzito na maji ya kubahatisha, sijui ua jingine la kudumu linalotoa mengi hivyo kwa kudai machache hivyo. Sharti lake ni kwamba mwenye bustani ajizuie. Mibaruti mingi inayokufa mijini huuawa na mapenzi: maji ya kila jioni, samadi ya kila mwezi, na kuhamishwahamishwa.

Kwanza tukubaliane ni mbaruti upi, maana hapa kosa linaweza kuwa la hatari. Upo mmea wa maua ya njano, majani ya kijani kilichopauka yenye michirizi myeupe na miiba pembeni, unaoota majalalani na kando ya barabara katika sehemu za joto za Afrika Mashariki. Ukilikata bua lake hutoka utomvu wa njano. Huo nao huitwa mbaruti, lakini kwa wataalamu ni Argemone mexicana, wa ukoo wa mpopi, asili yake Mexico na nchi za jirani. Hauishi zaidi ya mwaka, na mbegu zake ni sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu hizo yalivimbisha watu miguu na kudhoofisha mioyo yao, na zaidi ya 60 walikufa. Mmea huo usiupande, na ukiota uani ung'oe kabla haujatoa mbegu.

Mbaruti ninaousema ni wa ukoo wa alizeti. Jina lake la kitaalamu ni Echinops amplexicaulis, nao ni mwenyeji wa nyika zetu: hupatikana kuanzia Ethiopia na Sudan, kupitia Uganda na nchi za Maziwa Makuu, hadi Tanzania. Bua lake husimama wima, mara nyingi hufika mita moja au zaidi kidogo. Majani yake yamechanika pembeni, kila ncha na mwiba wake, na kule chini jani hulikumbatia bua badala ya kuning'inia kwenye kikonyo. Juu kabisa hukaa tufe moja jekundu, la ukubwa wa kujaza kiganja. Nchini Uganda mizizi yake imo katika dawa za miti shamba. Mimi nauzungumzia kama ua tu, na simshauri mtu aichemshe mizizi hiyo nyumbani anywe.

Wapo wanaoniuliza kuhusu artishoo, mbaruti wa kuliwa, kwa sababu wameiona kwenye sahani hotelini au wamesikia bei yake. Artishoo ni mbaruti wa kudumu kweli, asili yake nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na kinacholiwa ni kichwa chake kabla hakijachanua. Tatizo ni baridi. Mmea huo unahitaji wiki kadhaa za usiku wa baridi ndipo ushawishike kutoa vichwa, na usiku wetu wa Carama haushuki sana chini ya nyuzi 19. Utapata majani mazuri ya fedha, marefu, yenye fahari, na hutapata cha kupika. Mwenye shamba kule Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, ambako kabichi, karoti na liki hupangwa kando ya barabara kuu, ana sababu ya kuijaribu artishoo. Sisi wa Imbo tuiache.

Turudi kwa mbaruti wetu mwekundu, na tuanze na kinachouua, yaani maji yaliyosimama. Udongo wa huku ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza vidole. Mvua ya Aprili ikishuka kutoka vilima vya Mirwa, uwanja mzima hugeuka tope linalonata viatuni. Watu huogopa zile nyufa, lakini mbaruti hauziogopi. Mzizi wake mkuu ni mnene, mgumu kama kuni, unaoteremka kwenda kutafuta unyevu ambao mkono wa mtu haufikii. Mzizi huohuo ukikaa siku kadhaa ndani ya tope huanza kulainika kuanzia shingoni, na jani la kwanza likinyauka kazi imekwisha. Hapo ndipo wengi hukosea, wakiona jani limenyauka wanaongeza maji.

Kwa hiyo kazi kubwa ni tuta, na hiyo ndiyo kazi isiyoruhusu mkato. Chagua mahali penye jua la kutwa, mbali na ukingo wa bati ambako maji ya paa hudondoka, mbali pia na choo cha shimo na mahali pa kuogea. Chimba nusu mita kwenda chini. Carama hakuna uhaba wa vifusi, kwani kila baada ya nyumba mbili kuna ujenzi, na mafundi watakushukuru ukiwapunguzia vipande vya matofali. Tandaza vifusi hivyo chini, unene wa shubiri moja. Juu yake rudisha udongo ulioutoa, ukiuchanganya na mchanga wa mtoni wenye changarawe, nusu kwa nusu kama unao wa kutosha. Pandisha tuta mpaka libaki juu ya uwanja kwa sentimita 30. Samadi usiweke, au weka konzi moja tu iliyooza kabisa. Udongo mnono humfanya mbaruti arefuke kwa pupa, bua likawa laini, na upepo wa alasiri utokao ziwani ukalilaza. Tuta la namna hii huonekana kama la fukara, na mpita njia atakuuliza kwa nini umemwaga kifusi kwenye bustani. Subiri mvua kubwa ya kwanza umwonyeshe maji yanavyopita.

Mbegu zipatikane vipi? Zisitoke hifadhini. Katika Hifadhi ya Rusizi, ambayo tunaiona karibu kama jirani, mimea ina ulinzi wa sheria kama walivyo viboko, na kuchimba au kuchuma humo si ruhusa. Tafuta kwenye nyika ya wazi, kwenye malisho, kando ya njia za vijijini, na umwombe mwenye ardhi kwanza. Usimchimbe mbaruti mkubwa ukamleta mjini. Mzizi wake mrefu utakatika, utamuua, na kule ulikomtoa utaacha shimo. Chukua mbegu. Tufe likishakauka na kugeuka kahawia, lifinye kwa vidole ukiwa umevaa glavu au umejifunga kitambaa. Likimeguka kirahisi limeiva, likikataa bado. Ndani utakuta mbegu nyembamba zenye vinywele, kila moja imefungwa kwenye ala yake ya miiba midogo. Chache huwa tupu, kwa hiyo kusanya nyingi kuliko unazohitaji, zianike kivulini, uzihifadhi kwenye bahasha ya karatasi hadi mvua.

Panda mvua inapoanza, Oktoba, na hapa nina ushauri ambao nausisitiza kuliko mwingine wote: otesha ndani ya ganda la mgomba. Tangu ile amri ya mwaka 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi, watu wa miche wamerudia maarifa ya wazee, na kwa mbaruti maarifa hayo yanafaa kuliko mfuko wowote. Chukua ganda kavu la shina la mgomba, likunje liwe mfano wa kopo refu, lifunge kwa uzi wa ganda hilohilo, lijaze mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Weka mbegu mbili, zifunike kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa mbegu zenyewe, nyunyiza. Ndani ya wiki mbili hadi nne zitachomoza. Ng'oa iliyo dhaifu. Mche ukifikisha majani matatu au manne, uzike tutani pamoja na ganda lake. Ganda litaoza, mzizi utapita, na mche hautajua kwamba umehamishwa. Huo ndio uhamisho pekee ambao mbaruti unausamehe. Ukichelewa mpaka mche uwe na majani kumi, mzizi utakuwa umefika chini ya ganda na kujikunja, na mzizi uliojikunja utotoni haunyooki tena. Kati ya mche na mche acha nafasi ya mita moja pungufu kidogo. Mwanzoni tuta litaonekana tupu. Vumilia, au pandikiza maua mafupi ya msimu mmoja hapo katikati.

Maji ya kumwagilia ni ya miezi ya mwanzo tu. Mvua ikikatika siku kadhaa wakati mche ni mchanga, mpe kikombe kimoja cha chai, asubuhi, pembeni mwa shina, majani yasilowane. Kufikia kiangazi cha kwanza punguza, na kiangazi cha pili usimpe kitu. Hapa ndipo mtu wa bustani hupata taabu na familia. Mtoto wa jirani aliyetumwa kumwagilia waridi atasema, "Tantine, huu nao una kiu, angalia majani yake," na atakuwa na ndoo mkononi. Mwambie aache. Jani la mbaruti wakati wa kiangazi hukakamaa na kufifia, ndivyo lilivyoumbwa. Mmea wenye kiu ya kweli huinamisha ncha za machipukizi hata asubuhi na mapema. Ukiukuta wima alfajiri, hauna shida.

Mwaka wa kwanza usitarajie ua. Utaona majani tu yaliyojipanga duara juu ya ardhi, na nguvu zote ziko chini zinajenga mzizi. Wasio na subira hung'oa hapa wakidhani wamepewa gugu. Kwa kawaida mwaka wa pili bua hupanda, na juu yake hutokea kitufe cha kijani, kigumu, chenye miiba iliyolala kwa mpangilio. Siku hizo utembelee tuta lako kila asubuhi, maana kinachotokea kina utaratibu wake. Tufe la mbaruti huu si ua moja. Ni mamia ya maua madogo, kila moja limejifungia kwenye ala yake, yote yamekaa juu ya kitovu kimoja na kutazama kila upande. Alizeti hufungua vijiua vyake kuanzia pembeni kuelekea katikati. Tufe hili huanzia kileleni. Utaona kwanza duara dogo jekundu juu kabisa, na kila siku wekundu huo unateremka, huku sehemu ya chini bado ni ya kijani na imefunga ngumi. Ukichungulia kwa karibu utaona kila kijiua kina ncha tano zilizojikunja nje, na katikati umesimama mrija mwembamba wenye chavua. Ufunguzi ukifika kiunoni mwa tufe, kilele huwa kimeanza kufifia. Mtu mwenye tuta la mibaruti mitano hupata wekundu kwa majuma mengi, kwa sababu matufe hayafunguki siku moja.

Nyuki huja wenyewe. Jamii nzima ya mbaruti huu inajulikana kwa nekta: kule Marekani, miaka ya 1880, wafugaji nyuki waliuziana kwa shauku mbegu za ndugu yake mweupe, Echinops sphaerocephalus, wakiuita mmea wa asali wa Chapman. Majirani wataogopa. Waeleze kwamba nyuki aliye kazini juu ya ua hana ugomvi, anayelinda mzinga ndiye wa kuepukwa. Hata hivyo usipande karibu na mlango wala njia ya kwenda bombani, kwa ajili ya nyuki na zaidi kwa ajili ya miiba. Nyumba yenye watoto wanaotambaa ijengee tuta uzio mfupi wa mianzi, au ipande mbaruti nyuma, upande wa ua wa mnyaa. Mbuzi nao ni wa kuangaliwa, maana machipukizi machanga yana miiba laini na mbuzi huyapenda.

Ukitaka maua ya kukausha, kata bua tufe likiwa limeshika rangi lakini vijiua havijafunguka. Ukingoja vifunguke vyote, tufe likikauka litamegukia mezani. Funga mabua matano matano, yaning'inize kichwa chini, chumbani penye kivuli na hewa. Nchini Kenya mashamba ya maua hukuza na kusafirisha Eryngium, ambayo wanunuzi wa Ulaya huiweka kundi moja na mibaruti kwa sababu ya miiba yake, ijapokuwa kiukoo ni ndugu wa karoti na giligilani. Hilo linanionyesha kwamba soko la ua lenye miiba lipo, na wapambaji wa harusi wa Bujumbura wanaoagiza maua ya plastiki wangefanya vizuri kututembelea.

Magonjwa si mengi. Vidukari hujikusanya shingoni mwa tufe changa, wakiletwa na kulindwa na sisimizi. Wapukute kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni, nyuki wakiwa wamelala. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa majani kufunikwa na kitu kama unga mweupe, hutokea mibaruti ikisongamana. Kata majani ya chini upitishe hewa. Ugonjwa wa tatu ni kuoza mzizi, nao hauna dawa. Kinga yake ni lile tuta.

Jambo kubwa la mwisho katika malezi ni kukata. Nyikani mbaruti huu huishi pamoja na moto. Kila kiangazi majani makavu huungua, mabua yakateketea, na mzizi uliojificha chini ya udongo hubaki salama, kisha mvua ya kwanza ikigusa majivu machipukizi hutoka upya, safi, bila kivuli cha mabua ya zamani. Uani hatuchomi moto. Nyumba zimebanana na moshi ni wa majirani wote. Kisu kifanye kazi hiyo. Kufikia mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, mbaruti ukiwa umekauka, kata mabua yote vidole vitatu juu ya ardhi, ondoa majani makavu yaliyozunguka shingo ya mzizi, acha udongo uchi. Usiweke matandazo, hata kama umezoea kuyaweka kwenye mboga. Matandazo hushika unyevu palepale mbaruti usipoutaka. Baada ya mvua mbili tatu utaona pua za machipukizi. Mbaruti usiokatwa hutoa maua machache kila mwaka na kujisonga wenyewe.

Kukata kuna faida nyingine ya ujirani mwema: kunazuia mbegu kusambaa. Mbaruti wetu ni mwenyeji na hautambai kwa mizizi, kwa hiyo si tishio, lakini si kila mbaruti una adabu hiyo. Cirsium arvense wa Ulaya hutambaa chini ya ardhi, na kila kipande cha mzizi kinachokatwa na jembe huwa mmea mpya. Uingereza iliutaja katika sheria yake ya magugu ya mwaka 1959, ambayo humwezesha waziri kumwamuru mwenye ardhi azuie usienee. Ndugu zetu walioko ng'ambo, wanaopenda kutuletea mbegu za maua mfukoni, wasituletee huo.

Baada ya miaka kadhaa mbaruti utakuwa umezaa machipukizi pembeni. Ukitaka kumpa rafiki, usimpasulie shina. Septemba, baada ya kukata mabua, fukua upande mmoja kwa uangalifu, chukua kipande cha mzizi cha unene wa penseli na urefu wa kidole, ukipande mchangani ndani ya ganda la mgomba, upande uliokuwa juu ubaki juu. Shina mama litafunika jeraha lake na kuendelea. Mtu wa kwanza kupewa awe jirani aliyekuuliza kwa nini umemwaga kifusi bustanini.

Kwa mwaka huu inatosha uandae tuta moja lenye nafasi ya mibaruti mitatu. Lichimbe Agosti, udongo ungali mkavu, ukusanye maganda ya mgomba Septemba, uoteshe mvua ya Oktoba ikishakolea. Mwaka ujao kiangazi kikifika, ipunguzie maji, na kiangazi cha pili usiipe.